Siafu Tuliowaalika Wenyewe

Mwenye nyumba wangu ana bustani ndogo ya mchicha chini ya dirisha langu. Jana asubuhi aliloweka majani ya tumbaku kwenye debe, akatia majivu, akayavuruga kwa mti, kisha akachutama kuinyunyizia mboga yake iliyoingiwa na vidukari. Nilikuwa naandika. Harufu ilipanda ukutani ikaingia ndani, chungu, yenye moshi, na kalamu yangu ikasimama katikati ya neno. Nilimsikia akikohoa kule chini, na bila kufikiri nikakaa wima, nikasubiri kutumwa.

Kwa maana utoto wangu, au ile sehemu yake ninayoikumbuka kwa mwili mzima, ulikuwa kazi ya kutumwa. Sisemi kutumwa dukani au kisimani, kama ninyi nyote wa rika langu mlivyotumwa. Mimi nilitumwa kubeba maneno kutoka upande mmoja wa ukuta hadi upande wa pili, kati ya watu wawili waliokuwa wakisikiana vizuri kabisa.

Nyumba yetu ilikuwa tembe, pembezoni mwa Tabora, ukishaziacha nyumba za Gongoni nyuma yako. Njia ya zamani ya misafara, ile iliyoelekea Ujiji, ilipita nyuma ya ua wetu. Miguu ya wapagazi ilikuwa imeichimba ikawa kama mfereji, na ingawa treni ilikwisha kuwanyang'anya wapagazi kazi yao, majani hayakuwahi kuota vizuri pale. Tembe mnaijua: kuta za udongo, boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi udongo uliopigwa ukawa bapa. Ni shamba lililolazwa hewani. Kiangazi halina neno. Mvua ikinyesha hunywa maji, na chochote linachokunywa boriti ndizo hubeba.

Baba alikuwa fundi seremala. Meza yake ya kazi ilikaa uani, na maranda yalitambaa mpaka jikoni, tukiyawashia moto. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba kimoja kilichoegemea nyumba kubwa, mlango wake ukitazama ile njia ya misafara. Humo aliishi bibi yangu mzaa mama, na mimi nililala naye.

Bibi aliletwa kwa treni kutoka Tura. Aliteleza kisimani, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na tangu hapo miguu yake ilimfaa kwa kujiburuta tu. Mjomba wangu, mwanawe wa pekee wa kiume, alikwenda pwani kwenye mashamba ya mkonge na hakutuma hata salamu. Ndipo bibi akafanya jambo ambalo mwanamke wa umri wake na malezi yake hulifanya akiwa hana pengine pa kuelekea: akaja kukaa nyumbani kwa mkwewe.

Siku hizi vijana hupeana mikono na mama wakwe zao wakiwa wanatafuna. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakutazamana. Hawakula mahali pamoja, hawakukaa chini ya paa moja, hawakuitana, na mmoja akimwona mwenzake anakuja njiani, alikwepa vichakani. Zipo familia zilizolegeza miiko hiyo kwa zawadi baada ya mjukuu wa kwanza. Bibi yangu hakulegeza kitu. Na baba, ambaye kwa kila mtu mwingine alikuwa na ulimi mwepesi, kwa huyo mama alikuwa na heshima iliyofanana na hofu.

Basi walikuwa na mimi. Kila asubuhi baba alisimama mezani pake, mgongo ameupa chumba cha nyuma.

"Mwambie bibi yako shikamoo."

Kabla sijafungua mdomo sauti ilitoka ndani: "Mwambie marahaba. Mwulize amelalaje."

"Baba, umelalaje?"

"Mwambie nimelala salama. Nyonga yake inasemaje?"

"Mwambie nyonga aniachie mimi, yeye aangalie vidole vyake asivipige randa." Kisha kwangu, kwa sauti nyingine kabisa, ile ya utani wa bibi na mjukuu wake wa kike: "Mke mwenzangu, hebu niletee maji ya kunawa, usinitazame kama mbuzi."

Baba alicheka akiwa ameinamia ubao, ili kicheko kisielekee kule. Na kila alipotaka kupita nyuma alitwanga patasi kwenye ubao, ko, ko, ko, na ndani nilimwona bibi akivuta kaniki yake mpaka juu ya kichwa, akingoja hatua zipite.

Siku moja baba alisahau kutwanga. Alikuwa amebeba ubao begani, akazunguka kona, na bibi alikuwa amejiburuta mpaka mlangoni kuota jua. Baba aliutupa ubao. Aliruka, si kwa mlango wa ua, aliruka uzio wa mabua, uzio ukalala naye, na nikamwona amejikunyata kwenye mahindi ya jirani, viganja usoni. Bibi naye alijifunika kama mtu aliyeona moto. Huyu baba nilikwisha kumwona akimwua swila kwa mpini wa jembe bila kukunja uso. Mtoto hujipatia maarifa kwa anachokiona, nami siku ile nilijipatia yangu: kati ya wawili hawa kuna kitu kinachoua, na kinapita machoni. Wakitazamana au wakigusana, mmoja wao atakufa. Sikumwuliza mtu. Kazi yangu ya kubeba maneno ikawa nzito tangu siku hiyo, maana nilijua ninawazuia wasife.

Mchwa tuliwasikia kabla hatujawaona. Mchana wa kimya, ukiweka sikio ukutani, ulisikia mtafuno mdogo, kama mtu mwenye adabu anayekula bisi msibani. Kisha vumbi laini likaanza kudondoka juu ya kaniki ya bibi. Kisha njia zao za udongo zikapanda ukutani kama mishipa kwenye mkono wa mzee.

Mama na jirani yetu Mama Sikujua walimbeba bibi mpaka kivulini nje, wakamfunika, na baba akaingia kukagua. Nilimfuata. Aliichoma boriti kubwa kwa patasi. Patasi ilizama mpaka kwenye mpini, bila mlio. Baba aliichomoa polepole, akatazama juu, kisha akatazama kitanda cha bibi chini yake.

"Fundi," Mama Sikujua akamwita kutoka nje, yeye Mzaramo, mtani wetu, asiyeweza kupitisha siku bila kutuchokoza, "ninyi Wanyamwezi bwana, hata mchwa mnawapa chumba?"

"Tulidhani ni Wazaramo," baba akajibu kutoka ndani, "tukaona aibu kuwafukuza."

Lakini alipotoka mikono yake ilikuwa imejaa unga wa boriti, na aliutazama unga ule muda mrefu.

Aliweka nguzo ya panda katikati ya chumba kuishikilia boriti. Gogo la mninga, ambalo mchwa huliheshimu, alikwisha kuliagiza, lakini lilikuwa bado msituni na wakataji walisema mkokoteni hauwezi kupita mpaka mabonde yakauke. Na mbingu zilikuwa zimeanza kunguruma upande wa mashariki. Kumhamishia bibi nyumba kubwa, ambamo mkwewe alilala, lilikuwa jambo lisilosemeka. Mama Sikujua alikuwa na chumba kimoja na mume ndani yake. Hivyo ilibidi chumba kile kisimame, na ili kisimame ilibidi mchwa wakome kula, mvua isije ikalishusha lile shamba la hewani juu ya mwanamke asiyeweza kukimbia.

Mwenye duka Mhindi alimpa baba kopo la unga wa sumu. Baba alilinusa, akalirudisha. Unga wenye harufu ile kwenye chumba ambamo mtu analala, anakula, anapika uji, ungemaliza mgonjwa kabla ya mchwa. Mafuta ya taa yalikuwa haba. Tukabaki na dawa za nyumbani.

Tulianza na majivu. Mama aliyamwaga kuzunguka ukuta, mkanda mweupe, na mchwa wakapita chini yake. Tukaloweka tumbaku kwenye mkojo wa ng'ombe, ikakaa mpaka macho yakawa yanatoa machozi ukifunua mtungi, nami nikapaka njia zao kwa mkia wa ufagio. Walikufa wengi. Asubuhi njia zilikuwa zimejengwa upya, mbichi, zikimeta. Mama alichuma utupa, ule mmea ambao watu huuponda na kuutia mtoni samaki walewe, akautwanga na kuumimina kwenye matundu ya kichuguu nyuma ya chumba. Kwa muda kulikuwa kimya. Bibi akaweka sikio ukutani, akanitazama.

"Wanakula," alisema.

Baba alichimba kichuguu kumtafuta malkia. Alichimba mpaka kiunoni, na vishimo vya mchwa vikamwongoza, si chini, bali pembeni, kuelekea nyumba. Aliacha jembe. Malkia alikuwa amekaa chini ya kitanda cha bibi. Kumfukua ni kuchimba msingi, na msingi ukichimbwa ukuta hauko, na ukuta usipokuwapo, hesabu mwenyewe.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya miti, alisimama mezani pake, mgongo kama kawaida.

"Mwambie bibi yako nafikiria kuwaita siafu."

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie wakata magogo hufanya hivyo. Hufukia mifupa na matumbo ya mbuzi mdomoni mwa kichuguu. Siafu wakinusa huingia, na wakiingia hawatoki mpaka wamalize."

"Mwambie najua siafu tangu yeye hajazaliwa. Ni wapita njia. Wanakula, wanakwenda zao. Mchwa ndio wanaohamia."

"Mwambie siafu hawachagui."

"Mwambie hata boriti haichagui."

Baba akasugua ubao kwa kiganja. "Mwambie basi, siku watakapokuja, mama yako na Mama Sikujua watamtoa mapema, kabla hawajafika."

"Mwambie," bibi akasema, nami nikasikia tabasamu ndani ya giza la chumba, "siafu wa kwetu Tura hawakuwa wakituma barua. Labda wa kwake wanatuma."

Baba aliinama, akauchekea ubao.

Tulifukia mifupa. Ilinuka, ikaacha kunuka. Mvua ya kwanza ilinyesha, nyepesi, na paa likanywa, na nguzo ya panda ikatoa sauti kama mtu anayenyanyuka kitini. Siafu hawakuja. Mama alianza kusema wakata magogo ni waongo. Kisha siku ya kupanda ilifika, ardhi ikiwa laini, na wanawake wa upande wetu wote waliondoka alfajiri na majembe, waume zao wakafuata au wakaenda kazini relini. Mbingu zilikuwa kijivu, zimeshuka chini, hakuna jua, hakuna upepo. Baba alibaki kumaliza mlango wa mtu. Mimi nilibaki na bibi.

Niliwaona mimi kwanza. Nilitoka kumwaga maji, na ile njia ya misafara ilikuwa inatembea. Kamba nyeusi, nene kama mkono wangu, ilikuwa inamiminika ndani ya mfereji ule, kutoka magharibi, bila haraka na bila kusimama. Bibi alikuwa amenisimulia jinsi baba yake alivyobeba pembe za ndovu akipita hapohapo, kirangozi, mwongoza msafara, mbele na ngoma yake, wapagazi katikati, askari pembeni. Nao hawa walikuwa na askari pembeni, vichwa vikubwa, mataya wazi, wamesimama ukutani mwa njia huku wengine wakipita.

"Baba."

Alikuja, akasimama nyuma yangu. Kamba ilifika kwenye kichuguu, ikapapasa, ikagawanyika kama vidole, ikaingia. Tulisubiri. Kisha wakaanza kutoka na mizigo, na mizigo yao ilikuwa myeupe: watoto wa mchwa, mchwa wenyewe, vipande vya mchwa. Baba aliniwekea mkono begani, akanitikisa kwa furaha.

"Kamwambie bibi yako wamekuja. Mwambie wanafanya kazi kama walioajiriwa. Mwambie asiogope, wanapita upande huu, chumba wamekiacha."

Nilikimbia ndani. Bibi alikuwa amekaa kitandani anabangua karanga. Nilimwambia yote, nikamwonyesha kwa mikono mizigo myeupe, naye akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayesikia jirani mkorofi amepata mgeni anayemstahili.

Ndipo kipande cha udongo kikaanguka kutoka ukutani. Zile njia za mchwa, zile mishipa, zilikuwa zinapasuka. Mchwa walimwagika kutoka ndani, weupe, laini, wakikimbia huku na huku bila mpango, na nilitaka kucheka, kwa sababu sikuwahi kuwaona wakikimbia. Nyuma yao, kutoka kila ufa, kutoka chini ya kitanda, kutoka juu kwenye boriti, kilitoka kile cheusi. Mchwa walikuwa wamejenga barabara kutoka kwa malkia wao mpaka kitandani kwa bibi, na siafu walikuwa wameifuata yote.

Bibi aliweka ungo wa karanga chini taratibu.

"Toka, mke mwenzangu. Ruka, usikanyage pale."

"Na wewe?"

"Nimesema toka."

Nilitoka na mmoja ameniuma kifundo cha mguu, na nilimkuta baba tayari ameufikia ukuta. Alikuwa ameona ardhi ya mlangoni inavyobadilika rangi. Alisimama, mgongo kwenye mlango.

"Wameingia?"

"Wameingia. Wanatoka kila mahali."

"Mwambie ajisogeze mlangoni. Kidogo tu, aufikie mlango."

"Mwambie siwezi," bibi akasema kutoka ndani. Sauti yake haikupanda. "Wako sakafuni pote."

"Kimbia kwa Mama Sikujua," baba akaniambia. "Mwite yeyote. Mwanamke yeyote."

Nilikimbia. Kwa Mama Sikujua mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Nyumba iliyofuata kulikuwa na kuku tu. Iliyofuata, mbwa. Nilipiga kelele njiani na sauti yangu ikaenda mbali bila kupata mtu wa kumwingia. Upande wote ule wa mji ulikuwa shambani. Niliporudi baba alikuwa palepale, lakini alikuwa ameuma nguo ya bega lake, na alikuwa anatwanga ngumi yake ukutani kama alivyotwanga patasi, ko, ko, ko, bila kujua.

"Hakuna mtu," nilisema.

Ndani bibi alitoa sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa pumzi, fupi, na nyingine, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mnajua siafu wanavyofanya: hupanda kimya, hujipanga mwilini, kisha huuma wote pamoja. Kuku anayeatamia hawamwachi na nyama. Mtoto mchanga aliyesahaulika, nisiseme.

"Mwambie naingia," baba akasema.

Bibi alijibu kabla sijageuka. "Mwambie asiingie. Mwambie heri siafu."

Nilisimama kati yao na maneno ya wote wawili mdomoni, na kwa mara ya kwanza sikujua nimpelekee nani. Nilikuwa na hakika kabisa. Akiingia, mmoja atakufa. Asipoingia, bibi atakufa. Nilimshika baba shati na nadhani nilikuwa namvuta nje na kumsukuma ndani kwa wakati mmoja.

Hakunituma tena. Aligeuza mgongo na kuingia kinyumenyume. Kisigino kwanza, akipapasa kizingiti, macho yameelekea nje kwangu, yamefunguka sana. Siafu walimpanda miguuni papo hapo. Alirudi hatua kwa hatua, akaigonga nguzo ya panda kwa kisogo, boriti ikalia, vumbi likamwagika juu yake, akasimama mpaka ilipotulia, akaendelea. Mguu wake ulipougusa mti wa kitanda alipiga magoti, mgongo kwa bibi, na kuuinamisha, kama mwanamke anayengoja kuwekewa mtoto mgongoni.

Bibi alikuwa amevuta kaniki mpaka juu ya kichwa. Alipiga ule mgongo kwa ngumi.

"Mwambie atoke," alisema chini ya kaniki. "Mwambie ananivua utu."

Baba alibaki vilevile, ameinama, na niliona mashavu yake yakicheza kwa kila aliyemuuma.

"Bibi, panda," nilisema. Hakuna aliyenituma neno hilo. Lilikuwa langu. "Panda, bibi. Hatazami. Nakuapia hatazami, mimi ninamwona macho."

Ngumi iliinuka tena, ikabaki hewani. Kisha ikafunguka. Mikono yake myembamba ilimzunguka baba shingoni, kama mtu anayekamata mti kwenye mafuriko, na baba akasimama naye, kaniki nyeusi juu na miguu iliyolegea ikining'inia pembeni, nao wote wawili wameingiwa na weusi ule unaotembea. Alitoka akikimbia. Akampitisha uani, akageuka, akamkalisha kwa mgongo juu ya meza ya useremala, na kuruka kando kana kwamba meza ilikuwa jiko.

Nilipanda mezani. Nilimvua bibi kaniki, nikaitupa, nikaanza kuwang'oa mmoja mmoja, kwenye mapaja, tumboni, nyuma ya masikio. Miili ilikatika na vichwa vikabaki vimeuma. Alikuwa amefumba macho na machozi yalimtoka bila sauti. Nami nilikuwa nasubiri. Nilimng'oa siafu, nikamtazama bibi usoni, kisha nikageuka kumtazama baba, ili nijue nani ataanguka kwanza.

Baba alikuwa amesimama hatua chache kutoka mezani, mgongo kwetu, mikono imebana mapajani. Kaptula yake ilikuwa imejaa. Niliwaona wakiingia kwenye pindo na hawatoki. Shati lilikuwa linatembea. Mtu yeyote mwingine angekwisha kujivua kila uzi na kujigaragaza vumbini. Yeye alisimama. Ua wote ulikuwa wazi, uzio tangu aulalie haukuwa umeinuliwa vizuri, na mama mkwe wake alikuwa nyuma yake, juu ya meza, bila kaniki. Hakuweza kusogea upande wowote bila kuona au kuonekana. Alitetemeka kuanzia visigino mpaka shingoni, na hakuinua hata mkono kujikuna.

Nikaelewa kwamba ni yeye. Yeye ndiye atakayekufa. Nikaanza kulia kwa sauti.

Bibi alifumbua macho. Alinitazama mimi, kisha akatazama nilikokuwa natazama. Aliutazama mgongo ule muda mrefu. Nikasubiri aseme mwambie. Mdomo wake ulijiandaa kwa neno hilo, nikaona midomo ikikutana, ikaachana.

"Vua," alisema.

Baba hakugeuka.

"Vua nguo, mwanangu. Mama hutazama mwanawe, hafi mtu."

Alisimama hivyo kidogo zaidi, kama aliyesikia akiitwa kutoka mbali na anataka kuhakikisha jina ni lake. Kisha akalirarua shati. Vifungo viliruka kwenye maranda. Akavua kaptula na kuitupa juu ya kichuguu, akajipangusa kwa viganja, kwa magunia, kwa udongo, akirukaruka mguu huu na ule, mtu mzima mwenye heshima zake, na bibi alikaa juu ya meza akimwelekeza.

"Nyuma ya goti. Si hilo, la kushoto. Kwapani. Unaye mwingine shingoni, huyo mkubwa."

"Huyu?"

"Juu yake. Hapo."

Siafu walikaa mpaka jioni. Walipokwisha kuondoka, kwa njia ileile ya wapagazi, chumba kilikuwa safi kama sahani iliyorambwa, na ukutani hapakuwa na mtafuno. Boriti ilishikilia mpaka gogo la mninga likafika. Lakini hayo yalikuja baadaye. Mama alirudi kutoka shambani jua likielekea kuzama, Mama Sikujua nyuma yake, na kwenye mlango wa ua alisimama ghafla. Mume wake alikuwa amekaa kwenye kipande cha ubao amejifunga kaniki ya mkwewe, iliyokung'utwa siafu wake. Mama yake, amevikwa shuka letu, alikuwa juu ya meza ya useremala akibangua karanga zilizosalia. Kati yao palikuwa na ungo. Bibi alikuwa anamwuliza kama mninga wa Tura ni mzuri kuliko wa huku, na baba, macho chini, alikuwa anamjibu kwamba wa Tura una mafundo mengi.

Mama alinivuta kando kwa mkono, akainama mpaka pumzi yake ikanigusa sikio.

"Nani anawapelekea maneno?"

"Hakuna," nikamwambia.

Akakaa chini palepale, jembe likiwa bado begani.